Viatu vya Kantengwa

Ihanda, Karagwe
4 Machi 1990

Mwanangu Gosbert,

Pokea salamu za kibanjani. Tumeamka wazima. Mvua zimeanza kwa adabu mwaka huu, migomba imenyanyua vichwa, na ule mti wa kahawa wa karibu na choo ambao ulisema umekufa umechanua kukuaibisha. Mama yako mdogo Evangelina anauliza kama huko Arusha mnakula, maana mara ya mwisho ulikuja na shingo ya kuku. Mama mkwe wangu kule Kibingo anaumwa magoti, lakini mdomo wake mzima kabisa, ashukuriwe Mungu.

Sasa tuje kwenye jambo. Kantengwa amekuwa kipara. Matairi yote manne, hakuna hata moja lenye kashata ya kushika udongo. Jumatano nilikuwa natoka Kayanga, mvua imeshanyesha, nikafika ule mteremko wa karibu na kanisa. Nikagusa breki kidogo tu. Gari likazunguka, likasimama linatazama nilikotoka. Watu wa baiskeli walinicheka mpaka wakashuka. Mimi, Kashaija, niliyemwendesha yule mzungu mpimaji wa machimbo ya bati miaka yote ile bila mkwaruzo, nachekwa na watu wa baiskeli!

Unajua mzungu aliponiachia gari hili alisema, "Kashaija, hili ni gari la mbio, la viti viwili, barabara zenu zitaliua." Halijafa. Wewe mwenyewe ulilifungua injini likizo ya mwaka juzi ukalifunga likawaka, na ukalibatiza jina, na tangu hapo hata mimi nalisemesha kama mtu. Basi wewe uliyeajiriwa kuuza matairi, nichagulie. Sitaki ya kubahatisha. Datsun hii haivai kila kitu.

Nakuambia sababu, nawe uifunge kinywani. Tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Mama Maria kupalizwa, mimi na mama yako mdogo tunatimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa. Padri amekubali kutubariki upya. Evangelina hajawahi kupanda gari hili hata siku moja, analiita jeneza lenye honi. Siku hiyo nataka aketi kiti cha kushoto, amevaa, afike kanisani bila tone la tope, wanawake wenzake wamwone. Hajui. Ukimwambia nitakukana. Mwenyewe amesema niandike hapa chini kama kawaida, "Mwambieni ale."

Baba yako mdogo,
Kashaija


Arusha
29 Machi 1990

Baba mdogo, shikamoo. Na mama mdogo shikamoo yake aipate akiwa ameketi, asije akaanguka kwa furaha ya kuandikiwa.

Mimi nakula. Nakula sana. Shingo ni ya ukoo, mtazame marehemu baba kwenye ile picha ya kipaimara. Huku baridi imeshuka na mlima umejifunika, kazi zipo, tajiri wangu hagombi isipokuwa asubuhi, mchana na jioni. Magoti ya bibi wa Kibingo nimeyasikitikia. Mdomo wake sina la kusema.

Kuhusu viatu vya Kantengwa nimekusikia, na nimecheka peke yangu dukani. Masikini, kumbe anatembea peku! Usiwe na wasiwasi, baba mdogo, nitamvisha mimi. Mguu wake naujua vizuri kuliko wewe. Yeye si wa kuvaa kiatu chochote, anataka laini, cha kizungu, kipana kidogo, cha kukimbilia, kitakachomkaa vizuri mguuni akipendeza mbele za watu. Mama mdogo asijue kwanza. Tutamshtukiza Agosti.

Sasa niseme kikazi. Hapa yapo ya aina mbili yanayoingia kwenye rimu zako za inchi kumi na nne. Ya kwanza ni mapana, yametoka Ulaya kupitia Nairobi, mpira wake laini, yanashika lami kama gundi. Pembeni yameandikwa herufi H, maana yake yanavumilia mwendo wa kilomita mia mbili na kumi kwa saa. Ya pili ni membamba, mpira mgumu, kashata zake nene zimeachana. Hayapendezi. Mimi moyo wangu uko kwenye yale mapana. Gari la mbio livae vya mbio.

Nipe neno lako niyaweke pembeni kabla hayajachukuliwa.

Mwanao,
Gosbert


Ihanda
6 Mei 1990

Gosbert,

Barua yako ilifika mapema, ni mimi niliyechelewa kujibu. Kulikuwa na mambo ya chama cha ushirika, mara magunia hakuna, mara karani hayupo. Mvua imezidi. Mama yako mdogo amekwenda Kibingo kumsalimia mama yake, yale magoti. Napika mwenyewe. Ndizi zangu zinaungua chini na juu mbichi, sijui wanawake hufanyaje.

Kuhusu matairi. Kilomita mia mbili na kumi kwa saa! Nikiondoka Ihanda kwa mwendo huo nitafika Kayanga kabla sijaaga. Mwanangu, umekaa kwenye lami ukasahau udongo wa kwenu. Tairi pana huku linapanda juu ya tope na kuelea, linakwenda linakotaka lenyewe. Jembamba linalikata tope mpaka likute ardhi ngumu, hapo ndipo linaposhika. Mzungu wangu alikuwa na digrii lakini hilo nilimwonyesha mimi kwenye mlima wa Kyerwa, tukiwa tumenasa. Tena hayo mapana yatasugua bawa la juu ya gurudumu kila nikikata kona. Leta membamba. Kupendeza atapendeza Evangelina, gari limfikishe tu.

Jambo jingine dogo. Lile jina, Kantengwa, ulilitoa wapi? Nakumbuka uliniambia ni jina la ng'ombe. Ng'ombe wa nani?

Baba yako mdogo,
Kashaija


Arusha
2 Juni 1990

Baba mdogo, shikamoo.

Pole na upishi. Ndizi hupikwa moto mdogo, tena unafunika na majani yake. Mama mdogo alinifundisha, ajabu hakukufundisha wewe. Natumaini ameshapata nafuu ya kurudi. Nimeshangaa kidogo kwamba barua yako haikuwa na ule mstari wake wa chini, "Mwambieni ale." Huwa haukosi. Msalimie sana.

Membamba, basi. Nimekubali, ingawa roho inauma. Nimeyaangalia upya, na kweli nikikumbuka ule mteremko wa kanisani naona hoja yako. Tena hayajakaa sana, nimesoma namba za kiwandani pembeni: yametengenezwa mwaka jana. Tairi hata likiwa jipya, likilala dukani miaka mingi mpira hukauka ukapasuka, mtu akadhani kapewa jipya. Nimeyagonga kwa kidole moja moja, nikayanusa. Nimemwambia tajiri asiyaguse.

Kuhusu jina la ng'ombe, aa, ni jina tu. Nililisikia mahali. Majina mazuri yapo mengi.

Tunasubiri gari la kwenda Mwanza lenye nafasi, halafu meli mpaka Bukoba.

Mwanao,
Gosbert


Ihanda
24 Juni 1990

Gosbert,

Salamu ni nusu leo, nusu nyingine naiweka mpaka unijibu.

Mama yako mdogo hakwenda kusalimia magoti ya mtu. Ameniacha. Huu ni mwezi wa tatu unaingia. Sikutaka kukuandikia kwa sababu wewe ni mtoto, na kwa sababu nilidhani ni jambo la siku chache, nitakwenda nimweleze tucheke yaishe. Halikwisha. Nisikilize sasa.

Barua yako ya Machi ilipofika parokiani mimi nilikuwa Kayanga kwenye ushirika. Polikarpi katekista akaileta nyumbani. Evangelina, kwa hamu yake ya habari zako, akamwambia amsomee. Unamjua Polikarpi, barua ya mtoto anaisoma kwa sauti ile ile ya waraka wa Mtume Paulo. Akasoma salamu, mama yako mdogo akacheka. Akasoma shingo, akacheka tena. Akafika, "Kuhusu viatu vya Kantengwa." Masikini anatembea peku. Mguu wake naujua. Anataka laini, cha kizungu. "Mama mdogo asijue kwanza." Hapo Evangelina aliichukua barua mkononi mwa Polikarpi, akaikunja, akasema asante katekista, inatosha. Zile habari zako za inchi na kilomita hazikusomwa. Niliporudi jioni niliikuta juu ya chungu, jiko limezimwa. Jirani akanipa ujumbe alioachiwa: "Mwambieni akamvishe mwenyewe."

Nilikwenda Kibingo kwa mguu. Nikamwambia, Evangelina mke wangu, Kantengwa ni lile gari. Akaniuliza, "Gari lina mguu?" Nikasema ndiyo, minne. Akasema, "Tumekaa na gari hilo miaka, sijasikia ukiliita jina lolote." Ni kweli, mbele yake huwa siliiti. Mtu mzima anasemesha gari akiwa peke yake, mbele ya mkewe anaona haya. Nikasema jina amelitoa Gosbert, ni la ng'ombe. Mama mkwe wangu akiwa ndani, na magoti yake, akaitikia, "Lisemwalo lipo, kama halipo laja."

Nalo likaja. Wiki iliyofuata Evangelina alikuwa anachota maji, akasikia mama mmoja bondeni anaita kwa sauti, "Kantengwa! Kantengwa we!" Akageuka kuona ni nani anayeitikia. Akaitikia Costansia, binti wa Sibomana, maana ndiko wanakokaa, bonde la Kibingo.

Ndiyo, Costansia yule yule. Aliyekuja hapa na baba yake msimu ule wa kuchuma kahawa, aliyelala nyumbani kwangu, akala chungu kimoja na mama yako mdogo. Huku sisi tulimjua kwa jina la ubatizo. Kwao wanamwita kwa jina la Kinyarwanda, nani angejua? Evangelina alimfuata mpaka uani kwao. Alimwambia maneno, Gosbert. Mbele ya mama yake. Binti akalia, hakusema kitu.

Sasa mimi ni mzee niliyelibatiza gari jina la binti wa kibarua wangu, binti wa umri wa kuzaliwa na mimi. Ndivyo inavyosemwa kisimani. Sibomana tulikutana sokoni, akanipita. Mtu aliyepalilia kahawa yangu miaka yote, tumekunywa rubisi ya ndizi kwa mrija mmoja, ananipita kama jiwe! Hilo limeniuma kuliko kuchekwa na watu wote wa baiskeli wa Karagwe.

Baba mkwe amesema mwanzo wa Agosti tukae watu wazima tulimalize. Ama Evangelina atarudi, ama hatarudi tena.

Sikuulizi habari ya tairi. Nakuuliza tena lile nililokuuliza Mei. Ng'ombe huyo ni wa nani?

Kashaija


Ihanda
15 Julai 1990

Gosbert,

Sijapata jibu. Kama barua imepotea njiani, nijulishe niiandike upya. Kama haijapotea, pia nijulishe.

Nimewatangazia parokiani kwamba ile misa ya Agosti isubiri kidogo. Padri hakuuliza kwa nini. Nadhani anajua, Polikarpi anakula kwake.

Nipo.

Kashaija


Arusha
19 Julai 1990

Baba mdogo Kashaija,

Shikamoo. Kama umeandika nyingine Julai haijafika, lakini ya Juni ilifika. Ninayo tangu tarehe tatu. Nimeanza kukujibu nikachana, nikaanza nikachana, tajiri akaniuliza kama nimeanza biashara ya karatasi.

Si ng'ombe. Hakuna ng'ombe. Kantengwa ni Costansia wa Sibomana, na ni mimi ninayempenda.

Ile likizo niliyofungua injini, unakumbuka nilikuwa nasema nangoja grisi ikauke, mara nangoja gasketi ya injini. Grisi haikauki, baba mdogo, wewe ni dereva, sijui kwa nini uliniamini. Nilikuwa nangoja wachumaji watoke shambani. Yeye alikuwa anakuja kunishikia taa chini ya gari. Siku moja nilimwita Costansia akasema, "Hilo la kanisani. Kwetu mimi Kantengwa." Nililitamka siku nzima. Ulipotokea jioni ukanikuta nalisema peke yangu, ukaniuliza ni nani, nikaogopa, macho yakaangukia gari, nikasema nimelibatiza. Ukaniuliza ni jina gani hilo, nikasema la ng'ombe.

Niliogopa nini? Tangu utoto nimewasikia wazee wakisema mke hutafutwa kwenye kibanja, hatafutwi kwa kibarua. Nikaona nikitaja binti wa Sibomana mtacheka, halafu mtakaa kikao, halafu mtaniletea mwingine kutoka kwa watu wenye migomba. Nikamwambia Kantengwa asubiri. Asimwambie mtu. Nami kila mwezi naandika barua ya kwake, sitii jina langu nje, naipitisha kwa mchuuzi wa samaki. Ndiyo maana alipotukanwa hakusema kitu. Alikuwa anatunza neno langu. Amelitunza mpaka limemchafua, na mimi nimekaa huku nanusa matairi.

Nimeona aibu, baba mdogo. Sijui niandike vipi aibu. Nimelia stoo.

Barua hii naomba isomwe mbele ya watu, kwenye kikao. Yote. Polikarpi aisome kwa ile sauti yake, na safari hii asinyang'anywe. Mama mdogo, kama unasikia: shikamoo, na unisamehe. Mume wako hana neno. Viatu vilikuwa matairi na matairi yalikuwa ya kukupeleka wewe kanisani, na mimi ndiye niliyeyaita viatu kwa sababu nilikuwa napenda kuliandika jina lake mahali ambapo sitaulizwa.

Matairi yametoka jana na lori la mahindi. Ni membamba. Ukiyafunga usiyajaze upepo sana, barabara ya mawe yatadunda. Ya mbele weka pungufu kidogo kuliko ya nyuma. Endesha polepole siku mbili za kwanza mpaka yazoee.

Mwanao, kama bado,
Gosbert


Ihanda
11 Agosti 1990

Mwanangu Gosbert,

Salamu leo nakupa zote, na ile nusu niliyoiweka nayo chukua. Nina mengi na taa yangu ina mafuta ya kutosha, kwa hiyo kaa chini.

Meli ilichelewa, lakini matairi yalifika. Niliyafunga mwenyewe, nikaweka upepo ulivyosema. Asubuhi ya kikao mvua ilinyesha ile ya kuonyesha nani ni nani, mwezi huu wa kiangazi. Nikamchukua Polikarpi, tukashika njia ya Kibingo. Mwanangu, lile gari lilipanda! Pale penye utelezi nilisikia tairi linakata tope, linashuka, linashuka, halafu linashika. Polikarpi alikuwa amefumba macho anasali rozari. Nilimwambia afumbue aone, akasema ameshaona.

Tulikuta watu wamekaa. Baba mkwe, wazee wawili wa jirani, Evangelina pembeni na mama yake. Niliomba Sibomana naye aitwe na familia yake. Mama mkwe akaguna, lakini walikwenda kuwaita. Walikuja wakakaa karibu na mlango, kama watu watakaoondoka muda wowote. Binti hakumtazama mtu.

Polikarpi alisoma. Yote. Alipofika "si ng'ombe" Evangelina aliinua kichwa. Alipofika kwenye kibanja na kibarua, Sibomana aliinamisha kichwa, na mimi nikatamani ardhi inimeze na gari langu. Mwanangu, wazee hao waliosema hivyo ni akina nani? Mimi ni mmoja wao na sikumbuki kulisema neno hilo. Au nililisema nikiwa na rubisi kichwani, na mtoto akasikia. Basi naliondoa. Nimeliondoa pale pale, mbele ya wote, nikiwa nimesimama.

Mama yako mdogo aliposikia habari za kulia stoo alisema, "Mtoto wa watu, na tena hali chakula." Halafu akanitazama mimi. "Kumbe nimekimbia gari," akasema. "Miezi yote hii nimekimbia Datsun." Akaanza kucheka, na ukimjua Evangelina akicheka, kilio kiko nyuma kinafuata. Aliinuka, akapita katikati ya kikao, akapiga magoti mbele ya mke wa Sibomana na binti yake. Mwanamke mzima, Gosbert, wa miaka yake, magotini. Akasema, "Nilikutukana ukanyamaza. Nisamehe mama." Mke wa Sibomana akamwinua. Zikatolewa kahawa za kutafuna, tukatafuna wote kutoka kikapu kimoja, na Sibomana alinipa mimi kwa mkono wake. Niliitikia kwa kichwa.

Mimi nikaona nitoe ucheshi kidogo, watu wapumue. Nikamwambia binti, "Costansia, usichukie, mwanangu alikuita ng'ombe kwa woga tu." Akainua macho mara ya kwanza. Akasema, "Baba, kwetu ng'ombe si tusi. Mzuri kama ng'ombe mwenye pembe ndefu, hiyo ni sifa." Wazee wakacheka, na mimi nikadhani tumemaliza. Baba mkwe akaanza hata kuuliza rubisi iko wapi.

Evangelina amerudi. Alipanda kiti cha kushoto mwenyewe, bila kushikwa mkono, akaniambia nikikimbiza anashuka. Polikarpi alirudi kwa miguu, amesema alifurahi. Misa ipo, tarehe ile ile. Hapa ninapoandika mama yako mdogo anapika, nasikia harufu, na amesema niandike chini, "Mwambieni ale."

Lakini sijamaliza. Tulipokuwa tunaaga, binti alikuja mpaka kwenye gari. Akalizunguka, akainama akatazama tairi moja, akaligusa. Baba yake yupo, mama yake yupo, wazee wote wapo wamesimama. Akauliza kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayeuliza njia:

"Jina langu amelipatia gari. Lake mwenyewe atanipa mimi lini?"

Nikamwambia anayetakiwa kujibu yuko Arusha.

Baba yako mdogo,
Kashaija